Theluthi ya kifungo: jinsi mfungwa nchini Kenya anavyoweza kutoka mapema kwa njia ya sheria

Ukikaa kwenye benchi la wageni nje ya gereza lolote la Kenya, iwe Kamiti, Kodiaga au Shimo la Tewa, hutakosa kumsikia mtu akieleza kwamba jela mchana huhesabiwa siku moja na usiku siku nyingine, na kwa hiyo miaka 10 ni miaka 5. Hakuna sheria ya namna hiyo. Kilichopo ni kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza, Sura ya 90, kinachompa mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja punguzo la theluthi moja ya kifungo chake kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema. Huko ndiko ulikotoka usemi mwingine ulio karibu zaidi na ukweli, kwamba mwaka wa jela ni miezi minane.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba punguzo hilo si zawadi inayotolewa mwishoni. Kifungu hicho hicho kinaagiza kwamba siku mfungwa anapopokewa gerezani aandikiwe theluthi yake yote, kana kwamba ameshaichuma. Kuanzia hapo kazi yake si kuitafuta bali ni kutoipoteza, na kazi ya familia yake ni kuhakikisha kwamba hesabu iliyoandikwa ni sahihi. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata mantiki hiyo: kwanza karatasi, kisha hesabu, kisha mwenendo, na mwisho milango mingine ambayo sheria imeiacha wazi nje ya theluthi.

Hatua ya kwanza: soma waranti ya kifungo neno kwa neno

Gereza halisomi hukumu ya hakimu. Linasoma waranti, yaani karatasi moja inayosafiri na mfungwa kutoka mahakamani, na kila tarehe itakayoandikwa baadaye hutokana na karatasi hiyo. Ikiwa karani aliandika vibaya, mfungwa atakaa vibaya.

Mama mmoja aliwahi kunijia na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Kijana wake alikuwa amehukumiwa kwa makosa mawili, miaka 4 kwa kila kosa, na yeye alikuwa na hakika kwamba alimsikia hakimu akisema vifungo vitakwenda pamoja. Tarehe aliyopewa gerezani ilikuwa ya mbali mno. Nikamuuliza, "Mama, nakala ya hukumu unayo?" Akajibu, "Mwanangu, mimi nilipewa hii tu." Hiyo "hii tu" ilikuwa picha ya waranti, nayo ilitaja makosa mawili na miaka 4 mara mbili bila neno lolote kuhusu kwenda pamoja. Kisheria, mahakama isipoagiza kwamba vifungo viende sambamba, hufuatana, kimoja kikiisha ndipo kingine kianze. Gereza lilikuwa limehesabu miaka 8, na ukiondoa theluthi inabaki miaka 5 na miezi 4, badala ya miaka 2 na miezi 8 aliyostahili. Nakala ya hukumu ilipopatikana, ilionekana wazi kwamba hakimu alisema "sambamba". Mahakama iliyotoa hukumu ikaandika waranti mpya, na shida ikaishia hapo.

Kwa hiyo familia iombe mambo mawili katika masjala ya mahakama mapema iwezekanavyo: nakala ya hukumu na nakala ya mwenendo wa kesi. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kupata kumbukumbu za kesi yake katika muda unaofaa na kwa ada inayofaa. Zikipatikana, zilinganishwe na waranti kwa mambo haya: jina, kosa na kifungu cha sheria, urefu wa kifungo, tarehe kinapoanza, na kama vifungo vinafuatana au vinakwenda pamoja. Kifungu cha sheria kisipuuzwe, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa inaweza kumnyima mfungwa theluthi yote, kama hatua inayofuata inavyoonyesha.

Hatua ya pili: jua kama theluthi inakuhusu

Sheria ya Magereza inawaacha nje wafungwa wa aina tatu: waliohukumiwa maisha, waliohukumiwa kwa unyang'anyi chini ya kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu, na wale wanaozuiliwa kwa ridhaa ya Rais. Aliyehukumiwa kifo hana kifungo cha miaka kinachoweza kugawanywa kwa tatu, na hata adhabu yake ikibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, bado yuko nje ya theluthi. Wafungwa 2,747 ambao Rais Uhuru Kenyatta aliwaondolea adhabu ya kifo mnamo Oktoba 2016 waliepushwa na kitanzi, lakini kwa kuwa walipewa kifungo cha maisha, kifungu cha 46 hakikuwapa hata siku moja.

Kuna pia sharti dogo kwa wenye vifungo vifupi: punguzo haliwezi kumtoa mfungwa kabla hajamaliza mwezi mmoja kamili wa kalenda. Aliyefungwa wiki 6 asitarajie kutoka baada ya wiki 4.

Hatua ya tatu: piga hesabu mwenyewe

Gerezani kuna tarehe mbili ambazo askari na wafungwa wanaziita kwa herufi. EPD ni tarehe ya mapema kabisa ambayo mfungwa anaweza kutoka ikiwa hajapoteza punguzo lolote, na LPD ni tarehe ya mwisho wa kifungo kizima. Mfungwa anapaswa kuzijua zote mbili ndani ya wiki zake za kwanza, na ana haki ya kumuuliza afisa wa kumbukumbu zilivyopatikana.

Hesabu yenyewe haihitaji elimu kubwa. Chukua kifungo chote, kama ni vifungo vinavyofuatana uvijumlishe, kama ni sambamba uchukue kirefu zaidi, kisha ugawanye kwa tatu. Kifungo cha miezi 18 kina punguzo la miezi 6, na mfungwa atakaa miezi 12. Kifungo cha miaka 7 ni miezi 84, punguzo ni miezi 28, na atakaa miezi 56. Ukipata tofauti ya siku moja au mbili na karatasi ya gereza, huenda inatokana na namna miezi inavyohesabiwa. Tofauti ya miezi si ya kunyamaziwa.

Hatua ya nne: dai siku za rumande

Hapa ndipo wafungwa wa Kenya wanapopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kesi nzito huchukua miaka, na mshtakiwa asiye na dhamana huisubiri hukumu akiwa ndani. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaagiza kwamba kifungo kizingatie muda ambao mtu alizuiliwa kabla ya kuhukumiwa. Mwaka 2018, katika kesi ya Ahamad Abolfathi Mohammed na mwenzake, Mahakama ya Rufaa ilifafanua kwamba haitoshi hakimu kusema amezingatia muda huo. Ni lazima kifungo chenyewe kipungue kwa kadiri ya muda uliokwisha kutumikiwa.

Lakini kuna namna mbili za kuupunguza, na hazilingani. Tuchukue mfano wa mtu aliyekamatwa tarehe 15 Septemba 2019, akakaa rumande miezi 18, na akahukumiwa miaka 9 tarehe 15 Machi 2021.

Hakimu asiposema lolote kuhusu rumande, kifungo huanza siku ya hukumu. Theluthi ya miaka 9 ni miaka 3, na mfungwa atatoka katikati ya Machi 2027.

Hakimu akitoa miezi 18 kwenye miaka 9 na kuandika miaka 7 na nusu kuanzia siku ya hukumu, theluthi yake inakuwa miaka 2 na nusu, na mfungwa atatoka katikati ya Machi 2026.

Hakimu akiandika miaka 9 kuanzia siku ya kukamatwa, theluthi inabaki miaka 3 kamili, na mfungwa atatoka katikati ya Septemba 2025.

Tofauti kati ya maneno ya pili na ya tatu ni miezi 6, ingawa hakimu wote wawili watakuwa wamezingatia miezi ile ile 18. Sababu yake ni kwamba theluthi hukatwa kwenye kifungo kilichoandikwa, na mtu aliyepunguziwa kifungo kwanza anapunguziwa theluthi pia. Ndiyo maana wakili, au mshtakiwa anayejitetea mwenyewe, asiishie kuomba rumande izingatiwe. Aombe waziwazi kwamba kifungo kihesabiwe kuanzia tarehe ya kukamatwa, na aitaje tarehe hiyo.

Ikiwa hukumu ilishatolewa na rumande haikutajwa, ombi huandikwa kwa Mahakama Kuu. Barua isiwe ndefu: ieleze tarehe ya kukamatwa, tarehe ya hukumu, kama dhamana ilitolewa au la na lini, na iambatanishe hati ya mashtaka, ambayo kwa kawaida huonyesha tarehe ya kukamatwa. Kama mtu alitoka kwa dhamana katikati ya kesi, siku za nje hazihesabiwi, na kujaribu kuziingiza humfanya jaji atilie shaka hata zile za kweli.

Hatua ya tano: linda theluthi uliyoandikiwa

Punguzo hupotea kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni adhabu ya kinidhamu: mfungwa akipatikana na hatia ya kosa la gerezani, siku kadhaa za punguzo zinaweza kufutwa. Ya pili ni muda anaokaa katika chumba cha peke yake kama adhabu, kwa sababu siku hizo hazina punguzo. Ya tatu huwashangaza wengi: siku za kulazwa hospitalini kwa kosa la mfungwa mwenyewe, au kwa kujifanya mgonjwa, nazo hazina punguzo. Zaidi ya hayo, Kamishna Mkuu wa Magereza ana mamlaka ya kumnyima mfungwa punguzo pale anapoona kwamba urekebishaji wake unahitaji muda zaidi.

Makosa yanayowaponza wengi ni simu, bangi na ngumi. Simu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mwenye simu hushukiwa kwamba ni miongoni mwa wale wanaowatumia Wakenya ujumbe wa kuwalaghai pesa, hata kama yeye alikuwa akimpigia mtoto wake tu. Familia zisikubali kuingiza simu hata zikiombwa kwa machozi.

Mfungwa akishtakiwa ndani ya gereza, asikubali kosa ili jambo liishe haraka. Ana haki ya kuelezwa shtaka, kujitetea na kutaja mashahidi. Akiona ameonewa, aandike barua kwa mkuu wa gereza na kwa Kamishna Mkuu, na aombe nakala yenye muhuri. Wapo pia majaji na mahakimu wanaotembelea magereza, na Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo.

Je, kazi na masomo huongeza siku? Hapa lazima nivunje matumaini ya baadhi ya wasomaji. Nchini Brazili mfungwa anaweza kupunguziwa siku 4 kwa kila kitabu anachosoma na kukiandikia muhtasari, hadi vitabu 12 kwa mwaka. Kenya haina utaratibu wa namna hiyo, na cheti cha useremala au cha mtihani wa kidato cha nne hakisogezi EPD hata kwa siku moja. Hata hivyo, cheti hicho ndicho kitakachosomwa na afisa wa probesheni, na jaji, na kamati ya msamaha wa Rais katika hatua zinazofuata, na faili tupu haijawahi kumsaidia mtu. Mfungwa aombe nakala ya kila cheti na aitume nyumbani, kwa sababu mafaili hupotea mtu anapohamishwa kutoka gereza moja hadi jingine.

Hatua ya sita: kama ulifungwa kwa kushindwa faini

Hii ni njia ya haraka ambayo haitumiwi vya kutosha. Aliyeamriwa kulipa faini au kufungwa anaweza kuilipa hata baada ya kuingia gerezani, yote au sehemu, na kifungo hupungua kwa uwiano. Kwa faini ya shilingi 30,000 au miezi 6, kulipa shilingi 15,000 huondoa miezi 3. Pesa zilipwe kwa njia rasmi za serikali, na risiti ifike gerezani. Asilipwe mtu mkononi.

Hatua ya saba: rudi mahakamani, lakini kwa tahadhari

Rufaa dhidi ya hukumu ya hakimu hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Mfungwa anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake za rufaa azipeleke, na muda ukishapita anaweza kuomba uongezwe akiwa na sababu ya maana, kwa mfano kwamba alicheleweshewa nakala ya hukumu. Aliyekiri kosa anaweza kukata rufaa kuhusu adhabu peke yake, si kuhusu hatia. Na katika rufaa ya pili, ukali wa kifungo kwa kawaida haujadiliwi tena, kwani Mahakama ya Rufaa huwa inaangalia masuala ya sheria tu.

Tahadhari niliyoitaja ni hii: mahakama ya rufaa ina uwezo wa kuongeza adhabu. Jaji akimwonya mfungwa kwamba kifungo chake kinaweza kuongezwa, onyo hilo lichukuliwe kwa uzito, na mfungwa afikirie kuondoa rufaa yake kabla ya kuendelea.

Mwenye kifungo kifupi, au aliyebakiza muda mfupi, anaweza kuomba marejeo, yaani adhabu yake ipitiwe upya, ili muda uliobaki ubadilishwe kuwa kazi ya kijamii chini ya sheria ya mwaka 1998, inayohusu vifungo visivyozidi miaka 3. Hapo anayeamua mengi ni afisa wa probesheni. Atafika nyumbani, atamwuliza chifu, wazee wa nyumba kumi na majirani, na mara nyingi atamtafuta aliyekosewa. Familia iliyomwendea aliyekosewa mapema na kupatana naye, hata kwa kurudisha nusu ya mali iliyoibwa, huwa imeshafanya nusu ya kazi. Iliyomwambia afisa kwamba mfungwa atakuja kuishi Nairobi kwa binamu ambaye simu yake haishiki, imejifungia mlango.

Kwa waliohukumiwa kifo kwa kosa la mauaji, uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Francis Muruatetu wa tarehe 14 Desemba 2017 uliondoa ulazima wa adhabu hiyo, na wengi wamerudi mahakamani kuhukumiwa upya. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: aliyepewa miaka 30 badala ya kifo ana kifungo cha miaka, na kifungo cha miaka kina theluthi. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi huo unahusu mauaji pekee, na Julai 2024 ikakataa kupunguza vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kingono. Mfungwa wa makosa hayo akiambiwa na mtu kwamba "Muruatetu itakutoa", ajue anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Asiye na wakili anaweza kuiendea Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Katika baadhi ya magereza wapo pia wafungwa wenzake waliofunzwa sheria, na baadhi yao huandika ombi vizuri kuliko mawakili wa kulipwa.

Hatua ya nane: msamaha wa Rais

Ibara ya 133 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, kuahirisha adhabu, kuibadilisha kuwa nyepesi, au kuondoa sehemu yake, kwa kufuata ushauri wa kamati ambamo Mwanasheria Mkuu na waziri anayehusika na magereza ni wajumbe. Kwa mfungwa wa maisha hii ndiyo njia kuu iliyobaki mahakama zikishakwisha. Ombi linaweza kuandikwa na mfungwa au na mtu mwingine kwa niaba yake, na halina ada. Kamati huangalia uzito wa kosa, umri wa mtu alipolitenda, muda aliokwisha kutumikia, afya yake, mwenendo wake baada ya kuhukumiwa, na inaweza kusikiliza maoni ya waliokosewa.

Nimesoma maombi mengi ya aina hii, na yanayodhoofika ni yale yanayorudia kesi upya. Anayeandika kurasa 6 kuthibitisha kwamba shahidi wa tatu alidanganya anaomba rufaa mahali pasipo na rufaa. Ombi zuri lina kurasa mbili: nilitenda nini, nimekaa muda gani, nimekuwa mtu wa namna gani tangu hapo, nitakaa wapi na nitakula nini nikitoka. Nyuma yake ziambatanishwe nakala za vyeti, ripoti ya daktari kama ipo, barua ya chifu, na barua ya mtu atakayempokea yenye jina la kijiji na namba ya simu inayopatikana. Mtu akidai shilingi elfu kadhaa ili "faili lipite juu", familia ifunge mkoba wake.

Hatua ya tisa: miezi mitatu kabla ya tarehe

EPD inapokaribia, mfungwa aende kwa afisa wa kumbukumbu aulize mambo mawili. Kwanza, kama kuna siku zozote za punguzo zilizofutwa ambazo hakuambiwa. Pili, kama kuna amri ya kumfikisha mahakamani kwa kesi nyingine, kwa sababu kesi iliyosahaulika katika mahakama ya mbali inaweza kumzuia asitoke ingawa kifungo chake kimeisha. Ikiwa ipo, familia iende kwenye mahakama hiyo ikiwa na namba ya kesi, iombe itajwe mbele ya hakimu mapema, na kama iliondolewa zamani, ipate amri iliyotiwa muhuri na kuipeleka gerezani mkono kwa mkono. Siku ya kutoka, mtu wa nyumbani awe langoni tangu asubuhi akiwa na nguo, nauli na kitambulisho cha mfungwa.